Mama Koleo, Mhandisi wa Tanuri la Chuma

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya dada yetu, mke, mama na bibi, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Koleo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1954, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1978 akahitimu uhandisi wa metali, akiwa mwanamke peke yake darasani.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye karakana ya kufua vyuma, na siku ya kwanza tu alimpokonya fundi koleo ili akigeuze chuma motoni mwenyewe, jina likamganda hapohapo.

Mwezi Agosti 1981 shafti ya pampu ya maji ya mji, ule mhimili unaoizungusha, ilikatika, hospitali ikawa inachotewa maji kwa ndoo, na karakana ikapewa kazi ya kufua nyingine. Marehemu aliwaeleza wenzake kwamba chuma kikiiva hadi rangi ya chungwa hulainika, na kila kikipigwa, punje zake za ndani hupondeka na kuzaliwa upya, ndogo na imara, lakini kikishapoa na kuwa chekundu cha giza hazizaliwi tena, na ukikilazimisha kinapasuka. Mwendesha nyundo ya mashine, kijana mwenye maneno mengi, hakutaka kukirudisha motoni kila mara, akasema, "Dada, watu wana kiu, wewe unataka tukibembeleze chuma?"

Wakubwa wakamuunga mkono kijana, chuma hakikurudishwa motoni, na mchana ule shafti ikapasuka mbele ya macho yao. Hakumcheka mtu, alivaa glavu, akasema, "Leta chuma kingine, na safari hii nikisema rudisha, unarudisha."

"Narudisha, bosi," alijibu kijana, na kesho yake jioni shafti mpya ilifungwa, maji yakatoka.

Kijana huyo ndiye mzee wetu aliyeketi hapo mbele, aliyefunga ndoa na marehemu tarehe 4 Desemba 1982, na ambaye mpaka leo anasema alimuoa ili amshinde ubishi walau mara moja, akaambulia patupu. Mungu aliwajalia mabinti wawili, mvulana mmoja na wajukuu watano.

Alistaafu mwaka 2014 akiwa meneja wa karakana, lakini aliendelea kupita kukagua tanuri kama mama mkwe anayekagua jiko la mkamwana.

Mwezi Novemba mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Jumapili tarehe 12 mwezi huu, akiwa sebuleni anabishana na mumewe juu ya taarifa ya habari, alinyamaza ghafla, na mzee akajua, maana hakuwahi kumwachia neno la mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutufariji, na wenzake wa karakana. Wale wa zamu ya leo hawapo hapa, kwa kuwa marehemu aliacha agizo kwamba tanuri lisizimwe kwa ajili yake, nao wametii, na familia inawashukuru kwa hilo kuliko kama wangekuja.

Mama Koleo, kazi umeimaliza, pumzika sasa kwa amani.