Wale Walitembea Kwao

Sogeeni wanangu, Wanjiru zima hiyo simu, na wewe Rodney acha kulia kama askari aliyeibiwa geti, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubembeleza mtu. Daktari amesema moyo umechoka. Hilo ningemwambia mimi bila kubandikwa hizi waya.

Shamba la Ol Kalou ligawanywe mara tatu, na Wanjiru apate sehemu yake hata akiolewa mara nne. Baba yenu mdogo alisogeza mpaka wa shamba mwaka ule baba yenu alipokufa, na sijamsamehe, lakini msiende kortini. Mguu wake mmoja uko kaburini na wa pili unateleza.

Sasa neno lenyewe. Ndugu yenu Luther ako ndani wiki ya tatu, huko kwa Waarabu alikoenda kujenga, na aliyemfunga ni mimi. Nilimpa jina la yule mhubiri wa Amerika aliyepigwa risasi, kwa sababu picha yake ilikuwa ukutani kwa baba yangu, kando ya Kennedy, na kwetu mtoto hufuata jina kama ndama anavyofuata maziwa. Nikichambua maharagwe nilimsimulia jinsi watu weusi wa huko walivyoyakataa mabasi ya dharau, wakatembea kwa miguu mwaka mzima na zaidi, wapishi na wafua nguo, mpaka sheria ikainama. Mimi wa darasa la saba, nikajiona mwalimu.

Basi la kampuni ya Luther likaharibika kiyoyozi, Mganda mmoja akazimia kwenye kiti kwa joto la Julai la huko, na Luther akawaambia wenzake washuke, watembee kutoka Industrial Area ya huko, wanakolala, mpaka saiti ya ujenzi. Walitembea asubuhi tatu. Ya nne polisi wakachukua watano, naye akiwemo. Nilimsimulia yote ila moja: wale walitembea kwao. Jioni walirudi kwa nyumba zao na makanisa yao. Huyu anatembea kwa visa ya mwenye basi. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu alisikia, ndiyo maana akavunjika.

Wamempa karatasi atie sahihi kwamba alichochea watu kwa uongo, ndipo apandishwe ndege. Amekataa, eti Mganda hakuzimia kwa uongo. Rodney, ukiruhusiwa kumwona kwa simu ya video, mwambie mama amesema, "Tia sahihi, uje unizike," kwa maana kifungua mimba ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Mwambie ni amri. Atakuuliza kama kweli nimesema hivyo. Usimwangalie machoni.

Hatatia. Namjua, nilimtengeneza mwenyewe. Basi msiniweke kwa friji nikimngoja. Rodney utatupa udongo wewe, na yeyote atakayesimama kaburini aseme Luther alikosea, mumtoe, hata kama ni mchungaji. Mimi ndiye nilikosea, na nimelala hapa siku ngapi nikitafuta ni wapi, sipaoni.

Nyosheni viganja niwatemee baraka, kama mama yangu alivyonitemea. Wanjiru, fungua vyote viwili, kimoja ni cha ndugu yako. Karibu zaidi, siwaoni vizuri. Mungu awape... awape mahali penu pa kutembea. Ngoja. Mdomo umekauka, mate hayaji. Funga hivyo hivyo, mama. Funga, baraka zisimwagike.