Moto Usiwashwe Hadi Hanna Azikwe

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, Hanna aliamka vizuri. Aliota jua kibarazani na mumewe, Sifaeli. Ghafla akashika tumbo. "Kuna mtu anapika," akasema. Sifaeli alizunguka nyumba nzima. Jiko lilikuwa baridi. Halikuwa limewashwa tangu Pasaka. Hata kwa majirani hapakuwa na moshi.

Hanna Elirehema alizaliwa Nkoaranga, Meru, tarehe 14 Machi 1954. Alisoma hadi darasa la nne, akabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Kazi yake ilikuwa kupika. Aliwauzia chakula mafundi wa Ngarenaro, na kwenye harusi na misiba ya huku mlimani sufuria kubwa zilikuwa zake. Akiwa bado getini, kwa harufu tu, aliwaambia wasaidizi wake, "Nyie, chumvi hamjatia." Walionja, wakacheka, wakatia.

Aliolewa na Sifaeli Desemba 1976, Makumira. Siku hiyo aliinuka kwenye kiti cha bibi harusi akaenda kugeuza nyama.

Ugonjwa ulimwanza mwaka jana. Daktari alisema njia ya maji ya kongosho imeziba. Tena kongosho halingoji chakula kifike. Pua ikinusa, au mtu akikifikiria tu, kichwa kinatuma habari kwa mshipa wa fahamu, nalo linaanza kutoa maji yake. Maji hayana pa kupita. Ndiyo maumivu yenyewe. Pasaka hii Sifaeli akazima jiko. Akawa anakula kwa jirani, anasukutua kinywa kabla ya kurudi.

Hanna alifariki Jumanne hiyohiyo, saa sita mchana, mkono ukiwa tumboni.

Jana akina mama walikuja na sufuria, wakapanga mafiga kule kwenye shamba la kahawa. Hakuna aliyewaelekeza mahali. Sifaeli akawakataza kuwasha.

"Shemeji, watu wametoka mbali, kule Sokon, na njaa zao!" alisema Paskalina, mdogo wa marehemu.

"Wangoje. Hanna yuko ndani. Atasikia harufu."

Ndiyo maana wageni mmekaa na njaa. Moto utawashwa udongo ukishamfunika.

Ameacha mume, watoto watatu, Prosper, Brenda na Angel, na wajukuu sita. Mungu amlaze pasipo maumivu.

Asubuhi ile ya Jumanne Sifaeli alirudi akamwambia hakuna moto popote. Hanna akanyoosha kidole kwenye kahawa, palepale yalipo mafiga sasa, akasema:

"Si wale pale, Baba Prosper. Sufuria kubwa, chakula cha watu wengi. Na chumvi hawajatia."