Mawe Saba ya Shimo la Sita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Meneja wa Shamba la Mkonge la Kwamtunde, Ndugu Mwenyekiti wa tawi la chama, wageni wetu watatu mliosafiri kutoka Indonesia, walimu wangu, wafanyakazi wa korona, kiwanda chetu cha kuchakata mkonge, na wa mashambani, wazee wetu wote, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, hamjambo.

Mimi ni Chausiku, wa Kidato cha Tatu, mjukuu wa Mzee Sadala Mhina, mkata nyasi wa uwanja huu wa gofu, ambaye leo anastaafu baada ya kazi ya miaka thelathini na mitano. Babu aliombwa azungumze mwenyewe, akasema kusimama mbele ya watu hakuwezi. Nikamwambia hata mimi siwezi. Akanijibu, "Wewe umesoma. Tetemeka, lakini soma." Basi mkiona karatasi hii inatikisika, msidhani ni upepo.

Leo tuna sherehe mbili. Tunamuaga Babu, na tunafungua Ziara ya Gofu na Urithi. Zimewekwa siku moja, nimesikia, ili soda isigawiwe mara mbili. Sina neno juu ya hilo. Nina neno juu ya urithi, na namwomba Mwalimu wangu Agripina, anayewatafsiria wageni, asinionee huruma wala asipunguze kitu.

Ndugu wananchi, wako hapa watu wanaomjua Babu kwa fyekeo lake tu. Mbele ya meza hii kuna nyasi ambazo mpira mdogo mweupe huteleza juu yake bila kuruka hata mara moja. Nyasi hizo hazikuota hivyo zenyewe. Babu alizikata kwa fyekeo, kisha kwa mashine ya kusukuma, kisha mashine ilipoharibika akarudi kwenye fyekeo. Mkonge ulipotaifishwa, miaka mitano iliyopita, wazungu wa klabu wakafunga mizigo yao, mbuzi wakaingia uwanjani, naye akaendelea kukata. Wafanyakazi waliokuwa wakipita kwenda korona walimcheka.

"Mzee Sadala! Wenyewe wameshapanda meli, unamkatia nani nyasi? Mbuzi?"

"Mbuzi nao wana haki ya kula pazuri," aliwajibu.

Walicheka, naye akacheka nao. Hakuwaambia sababu yake. Sababu ilikuwa kwenye shimo la sita.

Kabla ya shamba hili kupanuliwa, upande ule wa shimo la sita palikuwa na kijiji cha Wazigua, na pembeni ya kijiji palikuwa na makaburi. Makaburi saba yalibaki yakijulikana. Kila moja lilikuwa na jiwe kichwani, na yote yalizungukwa na miti ya masale, kwa sababu masale hayafi upesi na mtu akiyaona anajua kwamba hapo pana watu. Katika kaburi la tatu amelala Mwatumu, mama yake Babu, aliyefariki mwaka wa njaa Babu akiwa na umri wa kupeleka mbuzi malishoni. Pembeni yake amelala mtoto wake mchanga ambaye hakuwahi kupewa jina.

Wazungu walipotengeneza uwanja, meneja wa wakati ule, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, aliamuru masale yang'olewe ili pasawazishwe. Babu alikuwa kijana, ameajiriwa mwezi uleule. Angeweza kusema, "Bwana, hapa yupo mama yangu." Lakini alikwisha kuona makaburi mengine yakilimwa, na wenye makaburi wakisimama pembeni wakitazama. Akafikiri upesi. Akasema, "Bwana, humu mna nyoka. Koboko. Wako wengi, na wana hasira."

Bwana Kofia hakuogopa njaa wala malaria, lakini nyoka aliwaogopa. Alirudi nyuma hatua tatu. Wiki ile ile likabandikwa tangazo pale klabu: mpira ukiingia kwenye kichaka cha nyoka cha shimo la sita, mchezaji asiufuate, aweke mwingine nje, wala asihesabiwe kosa. Hata kwenye ramani ya uwanja pakaandikwa hivyo. Kwa miaka thelathini wakubwa wa shamba hili waliupita mlango wa bibi mkuu wangu kwa adabu, bila kujua. Na kila mwezi wa Shaabani, Babu aliingia mle na ufagio, akafagia makaburi saba, akasoma dua, akatoka akijikung'uta. Wabeba fimbo za gofu walimuuliza, "Mzee, nyoka hawajambo?" Akasema, "Hawajambo, wanawasalimu."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakuomba uvumilie kidogo. Naona Ndugu Meneja anaangalia saa yake. Sasa nafika kwenye sehemu yake, na ningependa aisikie.

Ndugu Simeo, Meneja wetu, ni mtu mwenye bidii, na hilo nalisema bila kejeli. Mwaka jana alipelekwa Indonesia wiki sita kuangalia wenzetu wanavyolima mkonge. Aliporudi alikuja shuleni kwetu na picha za kumulika ukutani. Alituonyesha mashamba. Kisha akatuonyesha kitu ambacho, alisema, kilimkosesha usingizi: wageni wanaocheza gofu asubuhi chini ya mlima unaotoa moshi, na mchana wanapelekwa kutazama hekalu la mawe la zamani sana, ambalo kila jiwe limechongwa sura za watu. "Wenzetu," alisema, "hawakutupa vya kwao. Wameviweka pamoja, mchezo na urithi, na dunia nzima inakuja kuwaheshimu. Sisi uwanja tunao. Je, urithi hatuna? Ni nani hapa anajua kitu chochote cha kale katika shamba letu?"

Wenzangu wanajua kwamba katika miaka mitatu sijawahi kunyoosha mkono darasani, hata jibu nikiwa nalo. Siku ile nilinyoosha.

Kwa nini nilinyoosha? Nilikuwa nimesoma kwamba tulifundishwa kujidharau na kwamba wakati huo umekwisha. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu, kwa wino mwekundu, kwamba shamba sasa ni letu. Niliyaamini maneno hayo yote. Nikasema mbele ya shule nzima kwamba shimo la sita halina nyoka, lina makaburi, na babu yangu ndiye mlinzi wake. Ndugu Simeo alinipigia makofi. Shule nzima ikapiga makofi. Nilikimbia nyumbani kumwambia Babu.

Babu alikuwa ananoa fyekeo. Aliacha kunoa.

"Umemwambia nani?"

"Meneja, Babu. Lakini huyu ni mwenzetu. Anataka watu wayaheshimu. Hakuna haja ya kuficha tena."

Bibi yangu Mashavu akasema kutoka jikoni, "Mwache mtoto, Sadala. Uhuru si ndio huo? Au uliupigia kura ili uendelee kujificha?"

Babu akatabasamu, na nakumbuka alivyotabasamu kwa sababu sijaona tena. Alisema, "Haya. Nimechoka kuwafuga nyoka." Kesho yake akavaa kanzu, akampeleka Meneja mwenyewe, akamwonyesha kaburi moja moja, na kumtajia majina.

Ndugu wageni waalikwa, hebu tazameni pale karibu na veranda ya klabu, hatua chache kutoka kwenye meza ya vinywaji. Mnaona mawe saba yaliyopakwa chokaa, yamepangwa duara, na kibao kilichoandikwa MAKABURI YA KALE. Ni kazi nzuri. Chokaa haikuchuruzika. Herufi zimenyooka. Kuna kasoro moja tu: hapo chini hapana mtu. Hapo palikuwa na pipa la takataka la klabu.

Mawe ni yenyewe. Yameletwa kwa tela la trekta. Babu alipouliza kwa nini, Ndugu Meneja alimweleza kwa upole kabisa kwamba mgeni aliyemaliza kucheza amechoka, hawezi kurudishwa shimo la sita kwenda kutazama majani, na kwamba urithi ukiwa karibu na kivuli utatazamwa na wengi zaidi. Na masale je? Masale yaling'olewa, kwa sababu eneo la shimo la sita lilikuwa dogo kuliko la mashimo ya Indonesia. Siku ile Babu alikuwa Magunga hospitali kutibiwa jicho. Aliyeendesha trekta ni Yordani, rafiki yake, ambaye yuko pale nyuma na ameinamisha kichwa. Kaka Yordani, usiiname. Ulikuja nyumbani jioni ileile ukiwa na karatasi ya kazi mkononi, ukasema, "Mzee Sadala, nitukane, lakini soma walichoandika." Mimi ndiye niliyesoma. Karani alikuwa ameyatoa maneno yake kwenye ramani ya zamani. Iliandikwa: ng'oa kichaka cha nyoka.

Uongo wa Babu ulimzuia Bwana Kofia miaka thelathini. Ukweli wangu haukumzuia Ndugu Meneja hata miezi miwili. Nimejaribu kulielewa jambo hili kwa vitabu nilivyo navyo, nimeshindwa. Kama yupo hapa mwalimu anayeweza kunieleza, nitamsikiliza. Je, ndugu zangu, inakuwaje mtu aliyetudharau apite kando, na mtu anayetupenda apite juu?

Babu hakulalamika. Aliendelea kukata nyasi, na kwenye shimo la sita alikata kwa kuzunguka, akiacha nyasi ndefu pale ambapo masale yalikuwa, mpaka akaandikiwa barua ya onyo kwamba anaharibu sura ya uwanja. Barua hiyo pia niliisoma mimi. Baada ya hapo alikata pote.

Leo tusingekuwa na hotuba ya namna hii. Nilikuwa na nyingine, kurasa mbili, ambayo Mwalimu aliisahihisha na kuisifu. Ina maneno "bidii" na "uaminifu" mara nyingi. Kilichoibadilisha ni jambo la jana.

Jana mchana wageni walifika na kuzungushwa. Mmoja wao, Bwana Wiryono, yule mwenye shati la maua ya kahawia, alipofika kwenye mawe saba alisimama. Hakupiga picha. Alivua viatu vyake akaviweka pembeni, akakunja mikono mbele, akainamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka wenyeji wake wakaanza kuona haya, wakaacha kuongea. Babu alikuwa amesimama na fyekeo lake nyuma ya ukuta wa klabu, akaona yote.

Usiku hakula. Alisema, "Mtu ametoka kuvuka bahari, amevua viatu kwa heshima, na tumemwinamisha mbele ya jalala. Mama yangu kunyang'anywa jiwe nimeweza kunyamaza. Mgeni kudanganywa, siwezi. Kesho mwambie."

Bwana Wiryono, nimekwambia. Tunakuomba radhi. Mwalimu Agripina, naona umenyamaza. Tafadhali mtafsirie na hili.

Ndugu Meneja, kwenye meza kuna zawadi ya Babu, redio ya mbao na jembe jipya. Tunashukuru kwa vyote viwili. Redio Bibi ataisikiliza. Kesho alfajiri tunatoka katika nyumba ya shamba, lori linatupeleka kijiji kipya cha ujamaa upande wa Handeni, na huko Babu atapata eka zake kama wenzake. Hatakuwa na ruhusa ya kuingia uwanjani tena. Macho yake yanafifia, na pale chini hapana jiwe, hapana mti, hapana chochote cha kumwelekeza mtu mwingine. Kwa hiyo jana jioni tulikwenda, yeye na mimi, tukapima kwa miguu. Kutoka bomba la maji, hatua thelathini na mbili kuelekea mkonge. Kisha hatua tisa kushoto. Hapo ndipo lilipo kaburi la kwanza. Bendera yenu ya shimo la sita, ndugu zangu, imesimikwa juu ya la tatu.

Nimeandika hatua hizo kwenye daftari langu, kwa wino mwekundu uleule.

Babu hakunituma kuomba mawe. Kwenye kikapu cha Bibi Mashavu, chini ya khanga, kuna miche saba ya masale. Nilitaka niombe kibali hapa mbele ya Mheshimiwa, na Babu akanikataza. Alisema yeye ni mwajiriwa wa uwanja huu mpaka king'ora cha korona cha saa kumi na moja, na kazi iliyoandikwa kwenye cheti chake ni kutunza mimea ya uwanja. Sasa ni saa tisa na nusu. Jembe jipya mmempa wenyewe.

Tukimaliza hapa, Babu atatembea mpaka shimo la sita. Mimi nitakwenda naye kuhesabu hatua, maana ni mimi niliyenyoosha mkono. Anayetaka kutuzuia atuzuie mbele ya wageni. Anayetaka kuvua viatu, safari hii avivue pale.

Babu, shikamoo. Nisamehe.

Kwenu nyote mliokaa na kunisikia mpaka neno la mwisho, nasema asanteni.