Neno "Huu" Lililosemwa Bila Leseni

Risala ya wafanyakazi wa Ofisi ya Mikopo ya Nyumba ya Ferris Landing, jimbo la Idaho, kwa Mkurugenzi wa Idara inayosimamia wakopeshaji, katika hafla ya kuwakabidhi leseni maofisa wapya wa mikopo. Imesomwa na Begoña Arrizabalaga kwa niaba ya wenzake.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Marguerite Sandvik; Bwana Kimball Rasband, mkaguzi uliyeongozana na mgeni wetu; wakulima mliotuazima ukumbi huu; maofisa wapya mliokaa mbele na mashati yenye mikunjo ya dukani; wakazi wote wa Ferris Landing, mabibi na mabwana.

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa ofisi hii tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umetoka Boise, makao makuu ya jimbo, asubuhi na mapema, ukafuata malori ya vitunguu njia nzima. Kama dirisha la gari lilikuwa wazi, unajua tayari mji wetu unanuka nini msimu wa mavuno. Baada ya muda pua huzoea. Soseji za Kibaski, za babu wa baadhi yetu waliotoka milima ya Hispania, ziko jikoni, na tuliambiwa tusizitaje mpaka risala iishe, kwa hiyo tunaomba radhi.

Wakili wetu ameipitia risala hii. Alitushauri tusiguse kabisa jambo lolote ambalo liko mezani pako likisubiri uamuzi. Tulimsikiliza, tukamshukuru. Jambo lenyewe tumeliweka kwenye sehemu ya changamoto.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, kabla ya sheria ya leseni, kuuza mkopo wa nyumba hapa bondeni kulihitaji gari, kalamu na meno meupe. Alikuja mtu wa namna hiyo. Alisimama kwenye lango la ghala la vitunguu siku za mshahara, akawaambia watu kwamba hata wao wanaweza kumiliki nyumba. Riba ilianza chini sana. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, ilhali wengi ghalani walisoma Kihispania tu, na mahali pa kutia sahihi alipaonyesha yeye mwenyewe kwa kidole.

Riba ikaja kupanda. Nyumba za mtaa wa Locust zikarudi benki moja baada ya nyingine, na majirani tuliosali nao wakahamia kwa ndugu zao, magodoro juu ya gari. Mmoja wao alikuwa Eulalia Cantú, ambaye wakati ule alikuwa akichambua vitunguu ghalani pamoja na mumewe Fermín. Yule mtu alipotafutwa hakuonekana. Hakuwa na leseni ya kunyang'anywa.

Ndipo ikaja sheria. Leo, mtu akitaka kupokea maombi ya mkopo wa nyumba au kujadili masharti yake na mteja, lazima akae darasani saa ishirini, afaulu mtihani wa taifa, achukuliwe alama za vidole, achunguzwe mwenendo wake na namna anavyolipa madeni yake, kisha apewe namba itakayomfuata popote aendapo. Kila mwaka anarudi darasani tena. Akimdhulumu mtu, anapatikana. Kwa hiyo tafadhali usidhani tumekuja kulalamikia leseni. Sisi ndio tuliozililia.

MAFANIKIO

Ofisi yetu sasa ina maofisa wanne wenye leseni. Mwenzetu Thayne Lofgren anazo mbili, ya upande huu wa mto na ya ng'ambo, jimbo la Oregon, naye hakosi kututajia. Familia nyingi za bondeni zimenunua nyumba kupitia kwetu, na baadhi yao ni za watoto wa wale waliohamishwa Locust. Hilo linatufurahisha kuliko tunavyoweza kusema kwa lugha ya risala.

Mafanikio mengine ni kwamba Eulalia Cantú, tuliyemwajiri zamani awe msaidizi na mkalimani, alifaulu mtihani wa taifa mwaka huu. Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alikosa kidogo. Mara ya pili alikosa zaidi. Tulipomuuliza imekuwaje, alisema, "Mara ya pili nilisoma. Ndiyo kosa." Mara ya tatu alitoka chumba cha mtihani, akatupigia simu na kulia kwa sauti, hata Thayne akaanza kumpa pole. Akamkatiza: "Pole ya nini, wewe? Nimepita!"

CHANGAMOTO

Ya kwanza ni mto. Mtihani ni mmoja nchi nzima, lakini leseni ni ya kila jimbo. Nusu ya watu wetu hufanya kazi Oregon na kulala Idaho, na wote tunavuka daraja kwenda kununua vitu kwa sababu kule hawatozi kodi dukani. Mteja akituuliza kuhusu nyumba ya ng'ambo, ambayo anaweza kutuonyesha paa lake kwa kidole, sisi wengine inabidi tumwitie Thayne. Thayne akiwa amekwenda kuvua samaki, paa hilo linabaki la kutazama tu.

Ya pili ni Desemba. Leseni huisha mwaka unapoisha, watu wakiwa kwenye sikukuu. Mwenzetu mmoja, hatutamtaja kwa kuwa ndiye anayesoma risala hii, alisahau kuihuisha yake. Alikaa karibu Januari nzima akipokea simu na kuzungumza na wateja kuhusu theluji.

Ya tatu ni neno lenyewe. Wasio na leseni hapa ofisini wamefundishwa sentensi moja ya kumjibu mteja anayeomba ushauri: "Mimi sina leseni, swali hilo ni la ofisa." Imebandikwa kwenye kila simu. Kwa Kiingereza inaeleweka. Lakini hapa bondeni, kwa Kihispania, leseni ni ya gari. Eulalia alipoanza kuitumia, wateja walimwonea huruma. Mzee mmoja akamuuliza, kwa jina la heshima analoitwa na watu wa ghalani, "Pole, doña Lala, polisi wamekuchukulia lini?" Wengine walimngojea nje jioni wamrudishe nyumbani. Kwa wiki kadhaa gari lake lilikuwa likilala ofisini kwa sababu alishindwa kuwakatalia.

Ya nne ndiyo ile ya wakili.

Mwezi Juni walikuja wateja wawili, Nazario Pacheco na mkewe Imelda, wapakiaji wa vitunguu. Bwana Rasband alikuwa kwetu siku hiyo kwa ukaguzi wa kawaida, amekaa kwenye kona akipekua majalada. Thayne akawawekea wateja karatasi mbili mezani. Mkopo wa kwanza, riba haibadiliki mpaka mwisho. Wa pili, riba inaanza chini, baada ya miaka mitano inaweza kupanda. Thayne akaeleza yote kwa haki, kama inavyotakiwa, na Eulalia akatafsiri. Alipomaliza, Imelda hakumtazama Thayne.

"Doña Lala, ungekuwa wewe ungechukua upi?"

"Mimi sina leseni, binti yangu. Muulize Thayne."

"Najua huna leseni, nitakurudisha nyumbani mwenyewe. Ninachouliza ni mkopo."

"Na mkopo ndio ninaokwambia. Siruhusiwi."

"Huruhusiwi kusema, au hutaki kutuambia?"

Eulalia akanyamaza. Nazario akachukua kofia yake. "Inuka, Imelda, twende. Doña Lala kanyamaza. Kuna kitu hapa."

Mgeni rasmi, hapo ndipo mtu wa Boise anahitaji kuelewa jambo moja la kwetu. Ghalani, mtu akikuuliza, "Gari hili nilinunue?" nawe ukatazama viatu vyako, umeshamjibu: usinunue. Hakuna anayesema vibaya bidhaa ya mtu mbele ya mwenye bidhaa. Watu wananyamaza, na mwenye akili anaondoka. Kwa hiyo Eulalia kunyamaza vile hakukuwa kukaa pembeni. Lilikuwa jibu, tena la uongo, maana mkopo mmoja kati ya ile miwili ulikuwa mzuri kwao na nyumba waliyoitaka ingekwenda kwa mtu mwingine.

Walikuwa wameshasimama. Eulalia akaweka kidole kwenye karatasi ya riba isiyobadilika, akasema, "Huu."

Basi. Hakusema zaidi.

Kwenye kona, Bwana Rasband akafunga jalada. Mgeni rasmi, nywele za mkaguzi wako zina rangi ya ngano na jina lake si la Meksiko, hakuna aliyemdhania kujua Kihispania. Kumbe ujanani alihubiri Paraguay miaka miwili, na lugha alirudi nayo. Akasema kwa Kihispania safi, "Samahani, doña. Hilo nimelisikia."

"Ala! Kumbe unasikia!" Eulalia akageuka mzimamzima. "Tangu asubuhi unakula mikate yangu mitamu, kimya kama samaki, kumbe kila kitu unakisikia?"

"Mikate ilikuwa mizuri sana. Lakini itabidi niandike."

"Andika, mwanangu. Na mikate uiandike."

Aliandika. Tunapenda kusema mbele ya watu kwamba alifanya kazi yake, na mikate pia aliiandika. Mtu asiye na leseni anaruhusiwa kuchapa, kukusanya nyaraka na kutafsiri. Kumwambia mteja achukue mkopo upi haruhusiwi, hata kwa neno moja, hata kwa kidole. Sheria hiyo tunaijua. Thayne naye alipewa onyo kwa kutomzuia, akalipokea. Maombi ya leseni ya Eulalia, yaliyokuwa yamebakiza sahihi tu, yakasimamishwa mpaka wewe uamue kama ni mtu wa kuaminiwa.

Hatusemi kwamba neno lake halikuwa kosa kwa sababu lilikuwa la kweli. Yule mtu wa lango la ghala naye angeweza kudai hivyo. Tunasema tu kwamba tunaumia. Ofisi nzima inaumia. Mtu aliyenyang'anywa nyumba na mshauri asiye na leseni, leo yeye ndiye anayeitwa mshauri asiye na leseni, na kila asubuhi anakuja kazini, anabandua karatasi ya simu iliyochakaa na kubandika nyingine.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba Idara itupatie sentensi rasmi ya Kihispania ya kusema "sina leseni" ambayo haitamfanya mtu apelekwe nyumbani kwa nguvu.

Tunaomba vitabu vya kujiandaa na mtihani vipatikane kwa Kihispania pia. Mtihani wenyewe ubaki ulivyo. Eulalia anasema aliupita kwa Kiingereza na hataki mtu aje kumwambia aliupita kwa urahisi.

Ombi la tatu unalijua. Kama anastahili faini, mtoze. Kama anastahili kurudi darasani, mrudishe. Saa ishirini nyingine hazitamuua, ingawa zinaweza kumuua mwalimu. Lakini mpe leseni. Upande huu wa mto hakuna ofisa mwenye leseni anayezungumza Kihispania. Thayne anasema "habari za asubuhi" vizuri sana, kisha inabidi aite mtu. Watu wataendelea kuuliza, "Ungekuwa wewe?" Wasipomuuliza mtu mwenye namba, aliyesoma, anayekaguliwa, watauliza uani kwa jirani, au langoni kwa yeyote atakayesimama hapo. Sisi tungependa anayejibu awe mtu ambaye unaweza kumnyang'anya kitu akidanganya.

Leo utakabidhi leseni nne kwa maofisa wapya wa ofisi mbalimbali za bondeni. Keki ina majina matano. Tafadhali usione tunakushinikiza. Iliagizwa kabla ya Juni, na mwokaji amekataa kurudisha pesa.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, huenda umeona kwamba watu wa viti vya nyuma wanacheka wakiwa wamechelewa kidogo. Ni kwa sababu wanaipokea risala hii kwa Kihispania, na anayewatafsiria, yule mama mwenye sweta la kijani karibu na spika, ni Eulalia Cantú. Hatukuwa na mkalimani mwingine. Jana alitusihi tuondoe sehemu inayomhusu. Tukakataa. Akasema, "Basi mkiisoma, naitafsiri yote. Hata pale mnaposema nilianguka mara mbili." Bwana Rasband yuko kando yako, muulize kama kuna neno Eulalia aliloruka au aliloongeza, hata moja la kujitetea.

Sasa tunakukaribisha ujibu. Utakapojibu ombi la tatu, wale wa nyuma hawatakusikia wewe, watamsikia yeye. Ukisema ndiyo, atawaambia ndiyo. Ukisema hapana, atasimama palepale alipo na kuwaambia hapana, kwa sauti ileile.

Mungu aliyekufikisha kwetu salama akupe neno jema, na akurudishe Boise bila lori mbele yako.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ofisi ya Mikopo ya Nyumba ya Ferris Landing, wenye leseni na wasio nayo.