Maji Yale Yalikuwa Yangu: Kumuaga Penseli, Msomaji wa Chumba Namba Tatu

Basi yale maji yalikuwa yangu. Andika hivyohivyo, binti, usinipambe. Ndoo ilikuwa yangu na mkono uliomwaga ulikuwa wangu. Penseli hakuwepo hata chumbani, alikuwa ameshuka kwa mpanga herufi kuazima kichongeo. Umeandika? Haya. Hilo likishakuwa kwenye karatasi hata nikiamka bubu kesho, limo.

Najua, unaniambia karatasi ya kumuaga mtu kwenye jarida letu la kiwanda huanza na miaka. Miaka yake ni thelathini na mmoja na miezi minne, kiwanda kimoja cha kuchapa vitabu, chumba kimoja, kiti kimoja kilichobadilishwa miguu mara mbili. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Siku anaingia alinikuta mimi kwenye ngazi na dekio langu, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mama, chumba cha wasomaji kiko wapi?" Nikamwambia marahaba, panda juu, ukisikia watu wanajisemea peke yao umefika.

Kwa hawa wapya wa mashine za chini, wanaomwona tu akipita na miwani imekaa kwenye paji la uso na yeye anaitafuta mfukoni: kazi yake ni kusoma kitabu kabla hakijawa kitabu. Mwandishi analeta makaratasi yake, na kabla hayajashuka kwa mpanga herufi, Penseli anayasoma kwa sauti, neno kwa neno, na vituo vyote anavitaja. Anasema mkato, anasema nukta, anasema fungua usemi, funga usemi, na akifika aya mpya anagonga meza mara moja kwa kitako cha penseli. Mwenzake anakaa mbele yake anasikiliza, maana wanasema jicho huzoea kosa, sikio halizoei.

Mimi mlango wa shule sikuuingia, lakini kupitia ule mlango wa chumba namba tatu nimesikia kilimo cha vitunguu, sheria za mirathi, hesabu za darasa la tano, na mapenzi ya kila namna. Wajukuu zangu niliwasimulia hadithi kwa mtindo uleule wa Penseli. Yule mdogo mpaka leo ukimwita kula anajibu, "Nakuja bibi, nukta."

Na makosa aliyoyakamata, nani ayahesabu. Kuna kalenda moja ilishapita mikononi mwa watu sita, wote wana miwani, wote wana vyeti. Yeye akashuka mbiombio akasimamisha mashine. Mwezi wa sita ulikuwa na siku thelathini na moja. Bwana wa mauzo akamwambia, "Penseli, siku moja tu, nani ataiona?" Akamjibu, "Na atakayealika watu harusini siku hiyo, wageni waje lini?" Mashine ikasimama. Hata mkewe, mke mwema yule, aliniambia barua alizompelekea wakati wa uchumba zilirudi zina alama. Nikamwuliza, na ulimkubalije mtu wa namna hiyo? Akasema, "Mwishoni aliandika, hakuna kosa hapa, endelea."

Nilikuwa wapi? Ndiyo, maji.

Miaka kumi na tisa iliyopita alikuja mama mmoja, mkunga wa zahanati, mfupi, ana mikono mikubwa, amebeba mswada ndani ya mfuko wa kubebea nguo. Aliuandika miaka sita, mzazi mmoja akitoka mwingine hajaingia. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Kitabu kiliitwa Majirani wa Chini, na mimi nilidhani ni habari za nyumba ya kupanga, nikatega sikio vizuri kwa sababu hizo nazijua.

Siyo hizo. Ni kwamba dunia nzima imeinua shingo juu, inangoja wageni kutoka kwenye nyota, mitambo imeelekezwa mbinguni, wakubwa wameshaandaa na hotuba. Kumbe wageni wameshafika zamani, wamo chini ya bahari, kwenye kina ambacho jua halijapeleka hata salamu. Hawana macho. Wanasikia tu. Siku moja bahari inarudi nyuma kama mtu anavutiwa shuka, siku tatu, meli zimelala ubavu kwenye tope, watu wanaokota samaki wanacheka. Ya nne wale wanapanda. Wanateka bandari saba, moja baada ya moja, na risasi ni kama kumtupia tembo mchele. Sasa kuna mzamiaji, mwanamke, kazi yake kuunga nyaya za simu chini ya maji. Huyo ndiye anayegundua kwamba viumbe wale wanasemezana kwa kugonga.

Wakati ule mwenzake Penseli alikuwa amekwenda kujifungua, hana wa kumsikiliza. Akaniambia, "Mama, kaa uniazime masikio." Nikasema nina sakafu za ghorofa mbili. Akasema, "Sakafu itakimbilia wapi?" Basi wiki mbili nzima, kila baada ya chakula cha mchana, nilipindua ndoo yangu nikaikalia, yeye akasoma. Nilikuwa nikimkatiza, "Huyo nahodha muongo, utaona." Naye anasema, "Nyamaza mama, mkato." Na nahodha kweli alikuwa muongo.

Sura ya mwisho mkunga aliiandika kwa mkono, kwa wino wa kujaza kalamu, maana utepe wa taipureta ulimwishia. Kurasa ishirini na mbili, na hakuzitia namba. Tulishazisoma mara mbili. Jumamosi Penseli akazitandaza sakafuni chini ya dirisha azipange, kwa kuwa meza yake ni ndogo na nusu yake imekaliwa na kamusi. Sasa, yeye ana tabia ya kutandaza sakafuni, na mimi nina tabia ya kumwaga kwanza halafu ndiyo natazama. Miaka yote tulipishana kwa saa. Jumamosi ile hatukupishana.

Wino ulitoka wote, binti. Maji yalikuwa ya buluu mpaka mlangoni, na zile karatasi zimebaki nyeupe kama shati la mtu wa ofisini. Nilisimama na ndoo tupu. Penseli akarudi na kichongeo chake, akatazama chini, akanitazama mimi, na nyuma yake viatu vya mkurugenzi wa wakati ule vinapanda ngazi. Mkurugenzi akauliza neno moja tu, "Nani?"

Penseli akasema, "Mimi. Nimeikumba ndoo ya mama."

Mimi nilikuwa kibarua wa siku kwa siku, watoto wanne, na baba yao ametangulia mbele ya haki mwaka uleule. Yeye alikuwa ameshateuliwa mkuu wa wasomaji, fundi wa rangi ameshaanza kuandika jina lake kwenye mlango wa chumba cha mbele. Jumatatu fundi alikuja kulikwangua. Penseli akapewa barua ya onyo, ikaingia faili, na ukuu akapewa mwingine, na hakuupata tena mpaka leo anaondoka. Nilimfuata, nikamwambia naenda kusema. Akanizuia kabisa. "Mama, wewe wakikutoa hapa watoto watakula nini? Mimi wamenipa barua tu. Barua ndiyo kazi yangu, nimeikuta ina makosa matatu." Akarudi kuketi.

Halafu akasema, "Sasa kaa. Tuikumbuke."

Siku tatu tuliikumbuka. Mimi nasema, yeye anaandika. Yeye anasema, mimi nakataa. Tuligombana hasa kwenye mahali yule mzamiaji anashuka na nyundo yake kuwagongea wale viumbe, kuomba bandari zirudi. Mimi nilisema aligonga mara tisa, nilihesabu kwa masikio yangu. Penseli akasema saba. Nikamwambia tisa, baba, ulikuwa unagonga meza mimi nipo. Akafikiri, akasema, "Mama, mbili zilikuwa aya mpya."

Mkunga alipoitwa, Penseli hakumzungusha. Alimwambia, sura yako ya mwisho imelowa, haipo, tulichonacho ni hiki. Yule mama akavuta kiti, akaketi. Penseli akamsomea yote, vituo vyote anavitaja. Mimi nilikuwa nafuta dirisha moja tu, nalifuta na kulifuta.

Alipomaliza mkunga akasema, "Aligonga mara nane. Na kuna sentensi moja siyo yangu."

Ilikuwa ile inayosema, Bahari haina mlango, ndiyo maana hatukusikia hodi. Penseli akashika penseli aikate. Mkunga akamshika mkono. "Ya nani?" Penseli akanionyesha kwa kidevu. Yule mama akaniangalia uso, akaniangalia mikono, na mikono yangu ilikuwa bado na rangi ya buluu kwenye kucha. Wakunga hawadanganyiki, binti, wameona wanawake wakificha mengi. Alisema tu, "Iacheni." Ipo kitabuni mpaka leo, na kitabu kimechapwa mara nne, na majirani wa chini wamerudisha bandari zote saba kila mara.

Basi kuanzia hapo ikawa utani wa kiwanda kizima. Ukipita na glasi karibu na meza yake, wanasema, "Ondoa hiyo, huyu na maji hawajapatana." Akinunua mwavuli, wanasema anajilinda na adui yake. Yeye anacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, miaka kumi na tisa nimecheka pamoja nao.

Leo asubuhi nimeingia stoo kuchukua sabuni, nikakuta ndoo mpya, imefungwa utepe mwekundu, imeandikwa ubavuni. Nikamwuliza kijana wa stoo imeandikwa nini. Akasoma kwa furaha, "Kwa Penseli wetu, safari hii usimwage." Eti ndiyo zawadi, atakabidhiwa Ijumaa mbele ya mkewe, wanawe, na wakwe zake. Hawana ubaya, wanampenda, ndoo yenyewe ni nzuri. Lakini niliketi pale stoo juu ya sabuni nikaona haiwezekani. Mtu atoke hapa na miaka thelathini na mmoja, na mzigo anaobeba kwenda nao nyumbani uwe ni wangu. Ndiyo maana umeniona nimepanda kwako kabla hata sijamaliza korido. Watoto wangu wameshakua, wana watoto wao. Mimi sina cha kuogopa tena. Aliyenifunga mdomo alinifunga kwa wema, lakini mdomo ni wangu.

Kwa hiyo ile ndoo nipeni mimi, nitaitumia. Na bwana mkurugenzi wa sasa, kwa heshima zote, fungua faili la huyu bwana, ile barua itoe, au kama karatasi haziruhusiwi kutoka, futa jina lake uweke langu. Na kama rangi ya mlangoni ipo, hata kwa siku mbili hizi zilizobaki, jina lake lirudi pale lilipokwanguliwa. Siku mbili zinatosha kupiga nalo picha.

Unacheka nini? Eti jarida hili litapita mezani kwake kesho, ndiyo kazi yake ya mwisho? Hilo nalijua, kwani unafikiri kwa nini sikwenda kumnong'oneza mtu tu. Alinifundisha mwenyewe, msomaji anarekebisha herufi, habari haigusi, habari ni ya mwenyewe. Basi Penseli, ukifika hapa utasimama, utavua miwani, utataka kukata. Usikate. Weka mikato yako panapotakiwa, mimi sijui inakaa wapi, halafu gonga meza uendelee.

Sisi tunaobaki tunakushukuru. Uishi salama na mama watoto, macho yako yapumzike, na usome kitu hata kimoja kwa raha tu, mkono mtupu.

Nani huyo anaita huko chini? Ndiye yeye. Anasema mpiga picha ameshapanga viti vya picha ya jarida, wote wameketi, na yeye hakai mpaka mimi niwe pembeni yake. Unamsikia? Na hajui bado nimekuambia nini. Sikia, sasa anataka kupanda kunifuata.

Baki hapohapo, baba, usipande, ngazi nimezipiga deki sasa hivi, hazijakauka. Nakuja mwenyewe.