Mzee Washa wa Jenereta Anastaafu, Nadhani

Mzee Washa, fundi wa jenereta wa hospitali yetu, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu baada ya kuitumikia hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu mpaka juzi hakuna mtu katika jengo hili aliyeweza kuniambia kwa uhakika kama mzee anaondoka au anabaki. Muuguzi mkuu aliniambia andika anastaafu. Katibu wa hospitali akaniambia andika anaendelea kwa mkataba. Mwenyewe nilipomuuliza, naye aliniuliza kama bado najaza birika zima ninapotaka kikombe kimoja cha chai.

Mimi ni wa mapokezi. Kazi yangu ni kuwaelekeza watu wasiojua waendako, na nadhani ndiyo maana kamati ya sherehe ikanikabidhi wasifu huu. Mganga hajigangi. Nimezunguka idara zote nikiuliza habari za mtu mmoja, nikarudi mezani nikiwa na habari za watu wawili.

Yaliyo wazi ni machache. Alifika hapa akiwa kijana mwembamba, msaidizi wa dereva wa gari la wagonjwa. Jenereta ya siku hizo ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na fundi wake alikuwa na bega bovu. Siku moja umeme ulikatika, fundi akatoka bandani akitafuta mtu yeyote mwenye nguvu, akamkuta kijana anaosha gari. Kijana akazungusha, mashine ikaitika, na gari likabaki na povu la sabuni mpaka likakauka. Hakurudi tena kwenye gari. Bega la fundi lilipomshinda kabisa, banda likawa la kijana.

Walioajiriwa karibuni hawajui desturi yetu ya zamani, kwa hiyo nitaieleza. Umeme ukikatika hospitalini, kila mtu alisimama palepale alipokuwa. Muuguzi na sindano yake, mpishi na mwiko wake, mimi na simu sikioni. Hakuna aliyesogea, maana kusogea gizani katika nyumba ya wagonjwa ni kutafuta balaa. Kutoka wodi hadi wodi likapigwa neno moja: washa! Kisha tukasikiliza. Jenereta iliponguruma, hata kabla balbu hazijawaka, mabega yalishuka na kazi ikaendelea. Hivyo ndivyo alivyopata jina. La kwenye cheti cha kuzaliwa lipo kwenye faili lake, na sidhani kama kuna anayelitumia.

Mzee hakuwahi kuwa na likizo ya kweli. Alikaa mitaa miwili kutoka hapa, na umeme ulipokatika usiku au mchana, awe zamu au asiwe zamu, tulimwona akiingia getini mbio. Binti yake mkubwa alipoolewa, taa za ukumbi zilizimika bwana mzee akiwa ndiyo kwanza amesimama kutoa nasaha. Aliweka kipaza sauti mezani, akatoka na suti yake mpya. Aliporudi, wageni wa upande wa pili walikuwa wanaaga, naye alikuwa na grisi kwenye kola. Bwana harusi hajasikia nasaha zile mpaka leo, na mzee mwenyewe anasema amesahau alitaka kusema nini.

Mpaka hapo namwelewa. Sasa naomba msomaji anisaidie.

Uongozi ulipoitisha mkutano wa wafanyakazi kuhusu kuweka umeme wa jua, wengi wetu tulijua mzee atapinga. Hata mpishi mkuu, ambaye ni sahibu yake wa karibu, alikuwa amejiandaa kumtuliza. Mzee akasimama, akalisifu jua. Akasema jenereta ni lazima iamshwe na mtu, lakini jua haliamshwi na mtu. Akasema dizeli inaweza kuchelewa njiani na moshi wake unaingia madirishani kwa wagonjwa wa kifua. Akakaa. Mpishi akaniegemea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mzee anajua kwamba anajipalia makaa. Nilimwambia sijui, na nilikuwa nasema kweli.

Paneli zikaja, zikapanda juu ya paa. Mafundi waliozileta wakatuambia hazitatosha kama tutaendelea kutumia umeme kama maji ya mto. Ikaundwa kamati ya kubana matumizi, na mwenyekiti wake akawa, nani tena, mzee wa jenereta. Mtu aliyetuwashia miaka yote akaanza kutuzimia. Alipita ofisi kwa ofisi na uso wa upole. Nyuma ya kabati la eksirei akakuta birika la umeme. Kwenye droo ya daktari mmoja ambaye sitamtaja akakuta pasi, bado ina joto. Chumba cha mhasibu kilikuwa na feni mbili zinazotazamana. Hakumsema mtu. Alichomoa waya, akaukunja vizuri, akamkabidhi mwenyewe mkononi.

Ndipo nusu ya wafanyakazi wakaanza kumwita Mzee Zima, na nusu nyingine wakabaki na Mzee Washa. Muuguzi mmoja mgeni alichangia zawadi ya Mzee Zima, kisha akaniuliza faraghani yule Mzee Washa atastaafu lini, maana anampenda zaidi.

Masomo yake ya saa nne, wakati wa chai, yametufuata mpaka majumbani. Chemsha maji ya vikombe unavyotaka, si ya ukoo mzima. Piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja. Sufuria ya moto isiingie kwenye friji mpaka ipoe. Runinga iliyozimwa kwa rimoti bado ina kijicho chekundu, na kijicho hicho kinakula. Mimi niliyashika yote, nikayashika kupita kiasi, nikawa nachomoa friji kila ninapokwenda kulala. Maziwa yakaganda, samaki akaniaga. Nilipompelekea mashtaka, mzee alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mjukuu kwamba friji si taa, ukiichomoa itahangaika zaidi kesho yake kurudisha ubaridi. Siku hizi umeme ninaonunua unanifikisha mbali kuliko zamani, ingawa bado sielewi sana kile kijicho.

Lakini kituko kikubwa ni cha siku umeme wa gridi ulipokatika mara ya kwanza tangu paneli zifungwe. Taa zilipepesa mara moja tu, zikaendelea kuwaka. Nje mtaa mzima ulikuwa kimya, duka la vinyozi limezima mashine. Sisi, ndani ya hospitali inayong'aa, tukasimama. Kila mtu palepale alipokuwa. Daktari wa upasuaji alisimama mikono juu chini ya taa kubwa inayowaka. Mpishi alisimama mbele ya jiko lililokuwa linachemka. Tulikuwa tunasubiri umeme urudi, na umeme haukuwa umekwenda popote. Hatukusikia mngurumo, basi miguu ilikataa.

Mzee alipita mapokezi akatuangalia.  Akaenda bandani akaiwasha jenereta bila kuiunganisha na chochote. Iliponguruma, mabega yakashuka, muuguzi mkuu akasema haya, umeme umerudi, na daktari akashika kisu. Baadaye tulipogundua tulichofanya, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Tuliweka paneli ili tupumzike na dizeli, halafu tukaichoma dizeli tupate kelele.

Kwa majuma kadhaa aliendelea hivyo. Kila umeme wa gridi ulipokatika aliingurumisha jenereta, lakini kwa muda mfupi zaidi kuliko mara iliyotangulia, kama mama anayemwachisha mtoto ziwa. Mwisho aliiwasha na kuizima papo hapo, kama kikohozi. Kisha ikaja siku hakuiwasha kabisa, na sisi tulikuwa tunatembea. Siku hiyo nilimwona amesimama mlangoni mwa banda, kitambaa mkononi, akitusikiliza tukifanya kazi. Sikujua kama amefurahi au amehuzunika. Nadhani hata yeye hakujua.

Na hapo ndipo uongozi ukaja na mkataba. Jenereta itabaki kwa ajili ya misimu ya mvua, wakasema, na anayeijua ni mmoja. Astaafu, ndiyo, lakini simu iwe wazi, na akiitwa aje. Mzee alisema atafikiri. Akafikiri wiki nzima, ya pili ikaingia, na watu wakaanza kuchanganyikiwa. Mpishi hakujua apike sherehe ya kuaga au ya kupongeza. Mimi nilikuwa na karatasi yenye tarehe niliyoifuta. Juzi jioni nikaona heri nimuulize mtu mmoja ambaye lazima anajua, nikaenda nyumbani kwake kumwona mkewe.

Mkewe ni fundi cherehani, mama wa maneno machache. Nyumba yao ina paneli mbili kwenye bati, na betri chini ya meza imefunikwa kitambaa cha kufuma utadhani ni mgeni wa heshima. Mzee alikuwepo, anafunga balbu ndogo juu ya cherehani ili mkewe asiwashe taa kubwa kwa ajili ya sindano moja. Alinikaribisha, akarudi kwenye balbu yake. Nilimuuliza mama waziwazi: mzee anaondoka kazini au haondoki? Akaniambia, "Mwanangu, hilo swali mimi nimelisubiria jibu kabla yako." Akasema hajamshika mtu shati. Akitaka kusaini, asaini. Ila yeye amechoka kuwa mke wa mtu anayeitwa.

Hajamaliza kusema, redio ya jirani ikakatika katikati ya wimbo na watoto wa nje wakaguna kwa pamoja. Umeme ulikuwa umekwenda. Ndani kwao taa iliwaka vilevile. Mzee tayari alikuwa mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Sidhani kama aliamua kwenda, mwili wenyewe ulisimama. Kisha akakumbuka, akabaki pale akiitazama simu yake juu ya meza. Sote watatu tukaitazama. Haikulia. Mitaa miwili kutoka pale hospitali ilikuwa inawaka na watu wanatembea, na hakuna aliyemwita.

Mama akainuka, akazima taa.

Nikasema labda betri inakaribia kuisha. Mama akajibu kutoka gizani kwamba betri imejaa. Akasema, "Miaka yote, umeme ukikatika mimi nabaki hapa na watoto, yeye anakwenda kuwawashia wengine. Watoto wameolewa, wameoa, wameondoka. Giza la nyumba hii nalijua peke yangu. Leo na yeye akae aone lilivyo."

Tukasikia kiatu kikivuliwa. Kisha mzee akaanza kuitafuta nafasi ya kukaa, akajigonga kwenye kona ya meza, akajigonga tena kwenye kigoda. Mtu aliyeweza kuvuka hospitali nzima gizani bila kumkanyaga mgonjwa hakujua kigoda cha nyumbani kwake kinakaa wapi. Mkewe akamwambia anyooshe mkono kushoto. Akaunyoosha kulia. Mama akacheka, akamfuata, akamkalisha. Mimi nilikuwa sijui nikae au niage, na mlango siuoni.

 Halafu mzee akaniita. Akasema, "Wewe binti wa mapokezi, ule wasifu, andika nimestaafu." Nikamuuliza nimwambie nini katibu kuhusu jenereta. Akasema vijana wawili wa karakana amewafundisha tangu paneli zilipopanda, na hakuwa anawafundisha kwa kujifurahisha. Ndipo nikaanza, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kumwelewa yule mtu aliyesimama mkutanoni akalisifu jua. Alikuwa anatafuta ruhusa ya kubaki nyumbani, na alijua sisi hatungempa mpaka tuache kumhitaji.

Basi, mzee wetu, ahsante. Ahsante kwa waliozaliwa, waliopasuliwa na waliopumua kwa mashine zako bila kukujua. Ahsante kwa waya uliotukunjia na kwa subira yako na friji yangu. Wewe na mama tunawaombea afya, usingizi usiokatizwa na siku nyingi za pamoja. Shikamoo zetu zitakufuata nyumbani.

Na umeme ukikatika, mzee, tafadhali usije.