Usumbufu Uliojitokeza

Pembeni mwa duka la fotokopi pana benchi moja, birika moja la kahawa na mabingwa watatu wa mambo yasiyowahusu. Asubuhi hiyo, kwa bahati mbaya, jambo lilimhusu mmoja wao. Fundi Saa alikuwa na barua ya hospitali mapajani. Miezi miwili nyuma walimchoma sindano ya dripu vibaya, ikajeruhi mshipa wa fahamu, na tangu hapo vidole vya mkono wa kulia havishiki hata kibano. Saa nne tarishi angekuja kuichukua barua ikiwa na saini. Bila saini, faili la mazoezi ya mkono halifunguliwi. Fundi alikuwa na hasira, na kwa kuwa hakuizoea, hakujua aiweke wapi.

— Hebu isome tena, alisema Wakili, ambaye uwakili wake wote ni kuwatolea mawakili fotokopi.

— “Nimeridhika na maelezo niliyopewa kuhusu usumbufu uliojitokeza.”

— Usumbufu! alisema Miwani, muuza miwani ya kusomea, nusura apaliwe na kahawa. Mkono wa mtu umekufa ganzi, wao wanaongea kama umeme umekatika!

— We saini tu, ndugu yangu, alisema Wakili. Haraka haraka haina baraka.

— Si ndiyo asisaini sasa?

— Nasema haraka ya kukataa!

— Hawa nawajua mimi. Mwaka wa kwanza wa udaktari wanafutwa neno “samahani” kichwani. Kwa sindano!

— Acha hizo, Miwani. Samahani wanazo. Zimo stoo, kwenye kabati la chuma, ufunguo anao mganga mkuu. Kutoa moja, saini tatu.

— Basi ngoja wamshtaki Fundi mwenyewe. Watasema mshipa ulikaa njiani bila kibali.

— Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, Fundi. Umegaagaa kitandani kwao wiki nzima, chukua mazoezi yako.

Fundi alicheka, kisha akaacha.

— Mimi nikivunja springi ya saa ya mtu, simtumii barua. Namwita, nafungua mbele yake, namwonyesha: hapa kibano kiliteleza, kosa langu. Wapo walionitukana, mmoja alifika hadi kwa mama mkwe wangu. Lakini hakuna aliyeondoka hapa hajui saa yake ina nini. Mimi mkono nimeubeba siku sitini, sijui una nini!

Tarishi akafika, mama wa makamo, helmeti ya pikipiki kwapani. Akasalimia, akapewa kikombe, akaipitia barua huku akipuliza kahawa.

— Kaka, hapa panasema umeridhika na maelezo. Kwani walikueleza nini?

Fundi alimkumbuka daktari mmoja aliyesema “itakaa sawa” huku anatembea. Basi.

— Nipe kalamu, akasema.

Aliishika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilipinda, akazisukuma hivyo hivyo. Penye nafasi ya saini akaandika: WALINIELEZA NINI?

— Hii wataikataa, kaka. Na faili lako je?

— Walifungue. Mazoezi ni haki yangu, si hongo. Waambie Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni kwao. Aliyenichoma aje, aushike mkono huu, anionyeshe alipoteleza.

— Na asipokuja?

— Nitarudi Jumanne.